Mapokezi Rasmi ya Sikitu binti Chande

Mambo haya si ya zamani wala si ya kale. Ni ya juzi juzi tu, mwaka ule alizeti zilipokauka mashambani, katika nchi ambayo jina lake silitaji. Msidhani naogopa. Sheria ya Kulinda Heshima ya Jina la Nchi inamtaka kila anayetaka kulitaja aombe kibali. Niliomba, nikajaza fomu nakala nne, karani akaniambia nirudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ipi, nami sikutaka kumsumbua mtu aliye kazini.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Nimeajiriwa na Wizara ya Mafanikio ya Nje, Bendi ya Mapokezi na Maagano. Tuko kumi na wawili, pamoja na mpiga ngoma kubwa, ambaye ni shemeji yake katibu mkuu na ngoma alikutana nayo siku alipoajiriwa. Kazi yetu ni nyepesi. Vijana wakiondoka kwenda kufanya kazi Nchi Rafiki, tunawapigia uwanja wa ndege. Wakirudi, tunawapigia mpaka mlangoni kwao.

Nchi Rafiki iko mbali. Ina majumba marefu, na wenyewe hawapendi kufua nguo zao. Sisi tunapenda sana kufua, au angalau ndivyo unavyosema mkataba uliotiwa saini na viongozi wetu. Ndiyo maana nchi hizi mbili zinapatana.

Mkuu wetu wa nchi ana cheo ambacho kukitaja chote kunachukua dakika tatu, kwa hiyo nitamwita Mtukufu. Mtukufu alisimama bungeni akasema: "Nchi yetu haina vijana wasio na ajira. Ina vijana ambao bado hawajaondoka." Wabunge walipiga makofi mpaka mmoja akateguka kifundo cha mkono, akapelekwa kutibiwa Nchi Rafiki.

Basi vijana wakaondoka. Tulipuliza mpaka midomo ikatuvimba. Shida ilikuja baadaye, baadhi yao walipoanza kurudi kabla ya muda, wamekonda, na mikononi hawana kitu. Wizara haikukurupuka. Iliunda kamati, kamati ikapitia takwimu, na takwimu zikaonyesha kwamba wote walioondoka wamefanikiwa. Ikawa wazi kuwa waliokosea ni hao waliorudi. Mtukufu akatoa mwongozo wa mstari mmoja, ukachapwa na kubandikwa kila ofisi: ALIYERUDI BILA KUFANIKIWA HAJARUDI.

Ili kuutekeleza, kikajengwa Chuo cha Marejeo, nyuma ya ghala la mizigo pale pale uwanja wa ndege.

*

Sikitu binti Chande alishuka kwenye ndege asubuhi ya Jumatano. Bendi ilikuwa pale ikimsubiri mtu mwingine, hivyo nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, amevaa kandambili za plastiki ambazo moja ilikuwa ya kijani na nyingine ya bluu, na mkononi ana mfuko wa nailoni. Miezi saba nyuma tulimpigia akiondoka, amevaa viatu.

"Mzigo wako uko wapi?" afisa wa uhamiaji akamuuliza.

"Ndio huu, kaka."

"Nakuuliza mzigo, sikuulizi mfuko."

"Kaka yangu, ndio huu huu."

Afisa akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua muhuri wa duara, akagonga kwenye karatasi yake ya safari: HAJAFIKA. Kisha akampeleka kwa Bwana Mchopanga.

Bwana Mchopanga ni Afisa Mwandamizi wa Furaha ya Marejeo. Ni mtu mpole sana. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumsikia akipaza sauti, na nimemwona akifanya mambo ambayo wengine wangehitaji kupaza sauti.

"Karibu sana nyumbani, binti yangu," akamwambia. "Utafika baada ya wiki tatu."

"Mheshimiwa, kwetu ni Mbuyula, saa mbili tu kwa basi. Nataka nikamwone baba yangu na mdogo wangu."

"Hivi ulivyo?" Mchopanga akamtazama kuanzia kichwani, akaishia kwenye kandambili. "Mkono mtupu haulambwi, binti. Unataka mzee wako afe kwa aibu? Serikali haiwezi kukubali."

*

Masomo ya Chuo cha Marejeo nayajua, maana wanafunzi walisomea chini ya mti mmoja na sisi tuliokuwa tukifanya mazoezi, na mara nyingi mwalimu alituomba tupige polepole.

Asubuhi lilikuwa somo la Kulalamikia Joto. Mwanafunzi anajifunza kujipepea na kusema, "Jamani, mnaishije?" Baada ya chai ni Matembezi, yaani kutembea kama mtu ambaye miguu yake imezoea sakafu nyororo. Mchana ni somo la Kusahau. Mwalimu anainua fungu la mboga, na mwanafunzi anatakiwa akunje uso na kuuliza, "Hii nayo inaitwaje tena?"

Sikitu alifeli somo la Kusahau mara nne. Mara ya kwanza mwalimu alipoinua kisamvu, yule binti alianza kulia, akaomba kama anaweza kukila. Kilikuwa kibichi. Mwalimu akaandika: *Maendeleo hafifu.*

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali moja: "Kule kukoje?" Jibu sahihi ni kushusha pumzi, kutabasamu kidogo, kisha kusema, "Wee, acha tu." Atakayeongeza neno lolote baada ya hapo amefeli.

Anayefaulu anaazimwa koti na sanduku. Wizara ina masanduku sita makubwa yenye magurudumu, yamejazwa matoleo ya zamani ya Gazeti la Serikali ili yawe mazito. Hayafunguliwi kwa siku arobaini, kwa kanuni za forodha, na siku ya tatu mkaguzi huja kuyachukua kwa ukaguzi zaidi. Sanduku jekundu nimelisindikiza mtaa mmoja mara tatu. Mara ya tatu watoto wa pale walilisalimia.

*

Nyuma ya ghala kulikuwa na benchi nililokuwa nikikaa kusafishia tarumbeta. Wiki ya pili Sikitu akaja akakaa mwisho wa benchi.

"Shikamoo, mzee wa tarumbeta."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Nafeli, baba."

Nikamwambia asijali, wapo waliofeli mpaka wakafanywa walimu. Hakucheka. Akaanza kuniambia ya kule, bila kushusha pumzi wala kutabasamu.

Alikwenda kwa viza ya kazi, iliyoandikwa mshonaji. Ushonaji aliujua, cheti anacho. Uwanja wa ndege akapokewa na mtu aliyechukua pasipoti yake "ili isipotee", na tangu siku hiyo hakuiona tena. Akapelekwa kwenye nyumba ya watu kumi na mmoja. Alilala chumba cha kufulia, kati ya mashine na ukuta, na chumba hicho komeo lake lilikuwa nje. Cherehani hakuiona hata kwenye picha. Siku aliyounguza shati la mwenye nyumba, mama wa nyumba ile alichukua pasi na kumwonyesha namna shati lilivyoumia. Akapandisha mkono wa blauzi nami nikaona. Alama ile ilikuwa na ncha mbele, kama pasi yenyewe. Alitoroka siku alipotumwa kutupa mifuko ya taka, akakamatwa, akakaa kizuizini, na ndiko alikopata zile kandambili, kila moja kwa mtu wake.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kusafishia, nikaendelea kusugua mahali pale pale. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua niuweke wapi.

"Mimi yamekwisha," akasema. "Nina mdogo wangu, Hidaya. Ana miaka kumi na tisa. Mama alipofariki nilimlea mimi, nywele zake nilisuka mimi. Siku naondoka alinishika shingo akaniambia, 'Dada, ukifika nitafutie na mimi nafasi.' Nataka nifike kabla hajajaza fomu, baba. Sina kingine ninachotaka."

"Basi faulu huo uongo wao haraka," nikamwambia. "Ukishafika kwenu utasema ukweli. Nani atakuzuia kwenye uwanja wa baba yako?"

Niliamini nilichosema. Mimi ni mtu wa kuamini, ndiyo sababu nimedumu serikalini miaka kumi na minane. Kesho yake mwalimu aliinua kisamvu, na Sikitu akakunja uso akauliza inaitwaje. Alifaulu kwa daraja la juu.

*

Tuliingia Mbuyula siku ya Jumamosi kwa magari mawili. Mbele bendi, nyuma Sikitu ndani ya koti zito, jua likiwaka, amekaa na Mchopanga na lile sanduku jekundu. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa shule.

Mzee Chande alikuwa ameketi uwanjani kwake. Alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kiwanda kilipofungwa, na miaka yote hiyo watu walimwita "we mlinzi". Lakini binti yake alipoondoka, Wizara ilimletea kiti cha plastiki chenye mikono, mgongoni kimeandikwa MZAZI WA NG'AMBO. Kwa kiti hicho alikaa mbele kwenye mikutano, na misibani alipakuliwa wa kwanza. Sasa watu walimwita Mzee Chande, na wengine walimshika mkono kwa mikono miwili.

Aliinuka, kiti kikambana kiunoni, akatoka nacho hatua mbili kabla hajakivua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akamshika mabega. Macho yalimjaa machozi. "Mbona umekonda hivi, mama?"

"Kule wanene ndio maskini, mzee," Mchopanga akajibu kwa upole.

Hidaya akatoka ndani mbio, akamrukia dada yake, wakazungushana huku wakicheka na kulia. Nimepokea watu wengi, lakini pale nilikosea noti mbili za wimbo. Kisha Hidaya akajitoa, akachomoa karatasi iliyokunjwa ndani ya gauni lake.

"Dada, angalia! Nimeshajaza! Kimebaki kidole cha baba tu. Bwana Mchopanga kaniletea mwenyewe wiki iliyopita, akasema tuisubiri siku yako, iwe baraka!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Wizara inagharamia bendi. Hakuna mahali pazuri pa kuandikisha vijana kama kwenye mapokezi.

Mchopanga alikuwa ameshakaa, kibweta cha wino kiko pajani. "Labda kwanza dada mtu aseme neno," akasema. "Binti, waambie ndugu zako. Kule kukoje?"

Sikitu akashusha pumzi kama alivyofundishwa. Akatabasamu kidogo. Kisha akamtazama mdogo wake, na lile tabasamu likamtoka.

"Kule nilikuwa nalala kwenye chumba cha kufulia," akasema. "Nimefungiwa kwa nje. Baba, mimi sikufanikiwa. Sikushona hata kifungo. Nimerudishwa na polisi. Hidaya, mdogo wangu, usiende. Nakuomba kwa jina la mama, usiende."

Akavua koti, akapandisha mkono wa blauzi, akauonyesha ule mkono kwa watu wote, akizunguka polepole ili wa nyuma nao waone.

Nikajisemea, haya, sasa imekwisha, wamesikia. Ndipo mama mmoja muuza vitumbua, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasonya.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Yeye kala, kashiba, sasa anawafungia wenzake mlango!"

"Mama, sijala!" Sikitu akapiga kelele. "Sijala kitu! Hilo sanduku si langu!" Akaliangusha chini, akavuta zipu, akalipindua mbele ya watu. Matoleo ya Gazeti la Serikali yakamwagika kwenye vumbi, na juu kabisa alikuwemo Mtukufu akikata utepe.

Watu wakasogea, wakatazama.

"Ee!" yule mama akasema. "Kumbe zawadi zetu kazishusha njiani!"

"Kazificha mjini!" mwingine akadakia.

"Hata sabuni ya kunusa jamani? Hata moja?"

Mchopanga hakukasirika. Alisimama, akasema kwamba huo ndio unyenyekevu wanaofundishwa kule, kwamba tajiri wa kweli hasemi anacho, na kwamba Wizara inajivunia sana kumpata balozi asiye na majivuno. Watu wakapiga makofi.

Sikitu hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama Hidaya tu. Na Hidaya alikuwa anayatazama yale magazeti.

"Dada," akasema taratibu, "si ungeniambia tu kwamba hutaki niende? Ulikuwa na haja gani ya kunitungia yote haya?"

"Hidaya. Mdogo wangu. Ushike huu mkono."

Hidaya akarudi nyuma hatua moja.

Aliyeushika ni mzee. Mzee Chande alisogea, akauchukua mkono wa binti yake, akapitisha kidole gumba juu ya ile alama, kuanzia upande mpana mpaka kwenye ncha. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote na nawaambieni alielewa. Mlinzi anajua kitu kilichovunjwa. Kisha macho yake yakatoka kwenye mkono, yakaenda kwa watu waliojaa uwanjani wakimsubiri yeye aamue, yakaenda kwenye kile kiti.

"Pasi ni pasi tu, mwanangu," akasema, sauti yake ndogo. "Hata marehemu mama yako ilimuunguza, hapa hapa."

Akageuka, na kidole kile kile akakitia kwenye wino.

Mchopanga akatuinulia mkono. Tukapiga wimbo wa furaha.

*

Wiki sita baadaye Hidaya aliondoka. Walikuwa wasichana arobaini, wamevalishwa sare za kanga za kijani, wamepangwa mstari kutoka mlango wa jengo mpaka kwenye ngazi za ndege. Mzee Chande alikaa jukwaani pamoja na wazazi wengine. Kiti chake sasa kilikuwa na mto.

Sikitu hakuruhusiwa kuingia. Si kwa ubaya, ni taratibu tu. Karatasi zake zilisema hajafika, na mtu ambaye hajafika hawezi kuja kumuaga mtu. Alisimama nje ya uzio wa waya, mbali kidogo na bendi. Niliambiwa kwamba tangu siku ile Hidaya hakuwahi kumsemesha. Walilala chumba kimoja majuma sita, na Hidaya alikuwa akigeukia ukutani.

Nilidhani amekuja kumsihi tena abaki. Hapana, hilo alikwisha kuliacha. Alipomwona mdogo wake amefika usawa wake kwenye mstari, alishika waya kwa mikono miwili akaanza kupiga kelele:

"Hidaya! Pasipoti usimpe mtu! Waambie imepotea, ishonee ndani ya nguo! Hidaya! Ukipewa chumba angalia komeo, kama liko nje usilale, lia mpaka majirani wasikie! Kuna mama muuza mikate, nyuma ya kituo cha mabasi, ana kovu kwenye shavu, anaitwa Selamu! Mkimbilie yeye! Selamu! Usiende polisi, nenda kwa Selamu!"

Hidaya akageuza kichwa.

Mchopanga, aliyesimama kando ya ngazi na orodha yake, alinyanyua kidole kimoja kwa upole, akasema, "Bendi."

Tukapiga. Shemeji yake katibu mkuu aliipiga ile ngoma kubwa kama anaua nyoka. Sikitu aliachia waya, akapunga mikono juu, akaongeza sauti, mishipa ya shingo ikamsimama, nikaona mdomo wake ukifanya jina lile la muuza mikate tena na tena, na mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka kwake sikulisikia.

Nikaondoa tarumbeta mdomoni. Sijui niliwaza nini. Niliwaza labda pakipungua pumzi moja, neno moja litapita. Lakini wenzangu kumi na mmoja walikuwa wanapuliza na kugonga kama kawaida, na kelele ilikuwa ile ile.

Hidaya alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza. Aliona dada yake amekuja. Aliona mikono inampungia juu ya waya, na uso uliolowa machozi, na uso wake mwenyewe ukafunguka kwa furaha ambayo sijaiona kwenye mapokezi yoyote. Alidhani amekuja kumbariki. Akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akacheka, akambusu dada yake hewani, akapanda.